Shajara ya kuomba uraia: nahesabu siku kutoka Kasumulu

27 Novemba 2022, Jumapili

Leo nimerudi Mbeya kutoka msibani. Mama tumemzika Karonga, Malawi, nimekaa kule siku 11, mchana saa tisa nimevuka mpaka wa Kasumulu, afisa akagonga muhuri wa kuingia na mi nikasogea pembeni ya dirisha nikawa nauangalia ule muhuri kabla wino haujakauka. Nimeamua kuanzia hapo. Hiyo ndo siku yangu ya kwanza.

Tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe nasema mwaka huu naomba uraia, mwaka unapita, mara ada za shule, mara kibali kinaisha, mara nyumbani kuna mgonjwa. Sasa nafungua hii shajara naandika kila hatua, kwa ajili yangu na kwa yeyote aliye kwenye hali kama yangu, maana nilipotafuta mtu aliyepita hii njia anielekeze nilipata stori nyingi sana na maelekezo kidogo sana.

Kwa asiyenifahamu, mi ni mwalimu wa hesabu sekondari, mzaliwa wa Karonga kaskazini mwa Malawi, niliingia Tanzania tarehe 14 Januari 2013 kuja kufundisha. Mke wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, tulifunga ndoa 2014, tuna watoto wawili, tunaishi Ilomba hapa jijini. Nyumba yetu ina watu wanne, watatu Watanzania, mmoja ana kibali cha kuishi ambacho kina tarehe ya kwisha.

15 Januari 2023

Wiki nzima nimekaa na sheria yenyewe, sio ya kusimuliwa. Sheria ya Uraia ya Tanzania, Sura ya 357, ya mwaka 1995. Uraia uko wa aina tatu, wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi, yaani wa kuomba, na sisi wa kuja tunaingia kwenye tajnisi. Masharti yako kwenye jedwali la pili mwishoni kabisa, na ndo yanayonihusu: uwe umeishi nchini miezi 12 mfululizo kabla tu ya siku ya kuomba, halafu ndani ya miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi 12, ukijumlisha vipindi vyako vyote vya kuwepo vifike angalau miaka 7. Ujue Kiswahili au Kiingereza. Uwe mtu wa tabia njema. Uwe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Na ukishapewa, ule uraia wa mwanzo unauacha, kwa Tanzania mtu mzima habebi uraia wa nchi mbili.

Kuna kitu nilikuwa sikijui kabisa kwa miaka yote hii. Kifungu cha 11 kinampa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba kwa njia ya ndoa muda wowote mume wake akiwa hai. Mwanaume aliyeoa Mtanzania hatajwi. Yaani kama mimi ndo ningekuwa wa Tanzania na mke wangu ndo wa Karonga, hesabu ya miaka 7 isingetuhusu. Nilimpa mke wangu asome mwenyewe, akasoma, akarudia, akarudia tena, akaniuliza, "Kwa hiyo mimi siwezi kukuombea?" Nikamwambia haiko hivyo kwenye sheria. Aliumia kuliko mimi. Ye kazaliwa hapa, wazazi wake wamezikwa hapa, analipa kodi hapa, na ndoa yetu imeandikwa hapa hapa, ila jina lake haliwezi kumvusha mume wake. Mi naona hiki kifungu kinatakiwa kubadilishwa na nitakisema popote nitakapopewa nafasi ya kusema.

Ndo maana nikasema nahesabu kuanzia 27 Novemba. Miezi 12 mfululizo. Sijui mtu angeniambia nini kuhusu siku 11 za msiba wa mama, labda wangeelewa, ila hii ni karatasi ya maisha yangu na sitaki kubahatisha, bora nisubiri mwaka nikiwa sijavuka mpaka hata mara moja.

Februari 2023

Mwezi mzima nimehesabu. Watu wakisikia "miaka 7 katika 10" wanasema mbona rahisi, wewe si umekuja 2013. Ndiyo nimekuja 2013, ila kuishi mahali ni kitu kimoja na kuonyesha kwamba uliishi hapo ni kitu kingine kabisa. Mi naenda nyumbani kila Desemba wiki mbili tatu. 2016 mpaka 2018 nilirudi Malawi kusoma shahada ya pili Zomba, miezi 21. Na 2019 kuna miezi minne nitaisimulia hapo chini. Zote hizo zinatoka.

Nina pasi mbili, ya zamani imejaa mihuri mpaka ukurasa wa mwisho. Jumamosi usiku nimekaa mezani na binti yangu, ana miaka saba anakaribia nane, nimempa kazi ya kuandika tarehe kwenye daftari la mistari, mi nasoma ye anaandika: kutoka, kuingia, kutoka, kuingia. Mihuri ya Kasumulu mingine imegongwa juu ya mingine, mingine wino umesambaa. Kuna mmoja wa kutoka wa Desemba 2015, mwezi unasomeka, mwaka unasomeka, siku inaanza na 1 halafu tarakimu ya pili imekuwa doa. Inaweza kuwa 10, inaweza kuwa 19. Siku tisa ni nyingi kwa mtu anayehesabu kama mimi.

Mke wangu akaingia chumbani akatoka na kadi ya kliniki ya mtoto. Chanjo ya surua ya miezi tisa, 11 Desemba 2015, imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Akasema tuliondoka kesho yake, anakumbuka vizuri maana usiku ule mtoto alichemka na ye akasema tusisafiri, mi nikang'ang'ania kwa sababu mama alikuwa anatusubiri amwone mjukuu. Kwa hiyo ni 12. Nikachukua tochi ya simu nikaimulika ile tarakimu kwa pembeni na kweli ukishajua ni 2 unaiona ni 2. Binti akaandika: kutoka, 12 Desemba 2015. Akauliza hiyo safari mi nilikuwepo? Nikamwambia ulikuwepo, umebebwa mgongoni.

Sasa hesabu yenyewe, naiweka hapa ili mtu aige. Nikiomba tarehe 4 Desemba 2023, miezi 12 inaanza 4 Desemba 2022. Miaka 10 ya kabla ya hapo inarudi mpaka Desemba 2012. Mi niliingia 14 Januari 2013, kwa hiyo naanzia hapo, inakuwa miezi 118 na siku 20. Natoa miezi 21 ya Zomba. Natoa miezi minne ya 2019. Natoa safari zote za likizo na misiba, tumejumlisha mara tatu zimekuja siku 178. Inabaki miezi 87 na siku kama 24. Inatakiwa 84.

Miezi mitatu na kitu ndo nafasi yangu. Baada ya karibu miaka kumi.

Juni 2023

Miezi minne ya 2019. Kibali changu kiliisha 31 Machi 2019, shule niliyokuwa nafundisha kipindi hicho ndo ilikuwa inashughulikia vibali vyetu walimu wa nje, nilikabidhi kila kitu mapema mwezi wa kwanza, picha, nakala, vyeti, nikawa nauliza kila wiki naambiwa kinashughulikiwa. Kumbe faili lilikuwa limekaa kwenye droo ya mtu. Kibali kipya kikaanza mwanzoni mwa Agosti. Kati hapo nilikuwa naingia darasani kila siku, nasahihisha mitihani ya vijana wa kidato cha nne, na kisheria sikutakiwa kuwepo. Nilikuwa nikiona gari la askari barabara ya kwenda Uyole nashuka kwenye daladala kituo kinachofuata. Sijawahi kumwambia mama hii habari mpaka kafa.

Wenzangu wawili wamenishauri nisiitaje, kwamba ni zamani na hakuna atakayechimba. Nimelala nayo siku tatu. Nimeamua naiandika kwenye barua yangu ya maelezo, aya nzima, na naambatanisha nakala ya barua niliyomwandikia mkuu wa shule Januari 2019, bahati nzuri niliitunza. Nikiombwa kuwa mtu wa tabia njema siwezi kuanza kwa kuficha.

12 Agosti 2023

Leo mdogo wangu wa kike ameolewa Karonga. Mi niko Kasumulu, upande huu.

Nimekuja mpaka mpakani kwa sababu nimeshindwa kukaa Mbeya. Kutoka Ilomba mpaka hapa ni safari ya asubuhi moja, kutoka hapa mpaka kanisani kwao ni saa moja tu ya gari, na katikati kuna mto Songwe ambao kipindi hiki cha kiangazi unaona mchanga wake. Waingereza na Wajerumani walikubaliana 1890 mto uwe mpaka, ila Wangonde wa kule na Wanyakyusa wa huku wanaelewana lugha bila mkalimani, mi nilipofika Tukuyu kuposa niliongea na mama mkwe kwa lugha ya nyumbani kwetu na yeye akajibu kwa ya kwao na hakuna aliyesimama kuuliza maana.

Jioni saa kumi dada yangu mkubwa akavuka na gari la wageni, akaniletea unga wa muhogo, usipa (wale samaki wadogo wa ziwani) kwenye ndoo, na kipande cha keki kwenye leso. Tukakaa kwenye kibanda cha chai. Akaniambia, "Kaka, walipoita ukoo wa bibi harusi usimame, mjomba kasimama mahali pako." Nikamshukuru. Nimeandika hii kwa sababu kwenye fomu hakuna mahali pa kuiandika.

Septemba 2023

Mtaani. Unahitaji mtaa wako ukutambue. Nimeenda kwa balozi wetu, mzee mstaafu wa TAZARA, kaka yake alikuwa kibarua kipindi reli inajengwa, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Amenipokea vizuri, tumepiga stori za stesheni ya Iyunga saa nzima kabla ya kufika kwenye shida yangu. Akatoa daftari lake la kaya. Jina langu liko pale, limeandikwa 2014, mwaka tuliohamia, na pembeni ameandika "mwalimu, mume wa binti Tukuyu". Nilishika lile daftari nikaona nimeshaishi hapa kweli, kuna mtu alikuwa ananiandika wakati mi mwenyewe sijui.

Mwenyekiti wa mtaa akanihoji kidogo, akanipa barua yenye muhuri. "Mwalimu, wewe kila msiba wa mtaa huu umekuja na umechangia, mi niandike nini zaidi ya hapo." Nikamwambia andika hicho hicho mwenyekiti. Akaandika.

Oktoba 2023

Hii naiandika kwa uchungu kwa faida ya wengine. Nimepigiwa simu na mtu nisiyemjua, anajua jina langu na anajua naandaa maombi, anasema ana mtu ndani, nikitoa kiasi fulani uraia utatoka ndani ya miezi mitatu bila kuitwa kwenye usaili wowote. Nikamwambia asante, sihitaji. Akapiga tena mara mbili. Mara ya tatu nikamzuia namba.

Jamani tuwaogope vishoka. Najua mwenzetu mmoja, mwalimu pia, alitoa hela akapewa cheti, alipoenda kukitumia kikaonekana ni cha uongo, na kesi ikawa yake. Ada zote zinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, unapata risiti. Akikwambia umtumie kwenye simu yake binafsi, ondoka.

Novemba 2023

Tangazo la gazetini. Mwombaji anatangaza kwenye gazeti, mara mbili mfululizo, kwamba fulani wa sanduku la posta namba fulani anaomba uraia kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, na yeyote anayejua sababu ya kwanini asipewe aandike maelezo na kuyatia saini na kuyapeleka Uhamiaji.

Asubuhi ya kwanza nilienda Kabwe kwa muuza magazeti kabla ya saa moja, kuna ukungu, nikanunua nakala nne. Liko ukurasa wa ndani, kati ya tangazo la kiwanja na la mtu aliyepoteza hati. Nimelisoma nimesimama barabarani. Kuona jina lako limeandikwa hivyo, kwamba nchi nzima inaulizwa kama kuna mtu ana neno juu yako, miguu inalegea. Nikaanza kuwakumbuka wote niliowahi kugombana nao, mzazi niliyemkatalia kumpandishia mwanae alama, fundi wa paa tuliyezozana naye malipo. Muuza magazeti akaniuliza, "Vipi ticha, msiba?" Nikamwonyesha. Akasoma polepole akaniambia hakuna atakayeandika, na akakataa hela ya nakala ya nne.

4 Desemba 2023, Jumatatu

Nimewasilisha. Sijavuka mpaka mwaka mzima na siku saba. Fomu, picha, cheti cha kuzaliwa, nakala za pasi zote mbili ukurasa kwa ukurasa, vibali vyote tangu 2013, cheti cha ndoa, barua za mtaa, barua za watu wawili wa kunishuhudia, magazeti, na jedwali la safari zangu ambalo mwanzo wake ni mwandiko wa mtoto. Afisa aliyepokea, mama mmoja mtaratibu sana, alipofika kwenye jedwali akauliza nani katengeneza. Nikamwambia mimi na binti yangu. Akasema hajaletewa kitu kama hiki na akaligonga muhuri wa kupokelewa.

Benchi la kusubiria nimekaa na kijana ambaye wazazi wake waliingia kutoka Burundi 1972 wakakaa makazi ya wakimbizi ya Katumba. Wale serikali iliwapa uraia 2014, zaidi ya watu 160,000, ila ye kuna karatasi ya baba yake jina limekosewa herufi moja na amekuwa anafuatilia hiyo herufi kwa muda mrefu. Tumebadilishana namba.

Machi 2024

Usaili wa ngazi ya kata. Bendera zilikuwa nusu mlingoti wiki iliyopita, Mzee Mwinyi alifariki 29 Februari, nikajua swali la marais litakuja na likaja. Nimewataja wote sita kwa mpangilio na miaka. Wameuliza nafanya nini, naishi na nani, nashiriki nini. Dakika kama ishirini. Mtendaji ananifahamu, watoto wake wawili nimewafundisha, akasema hilo mbele ya wenzake ili lisije kuonekana amelificha. Nimempenda kwa hilo.

Juni 2024

Likizo. Nasoma historia kwa ajili ya usaili, natumia vitabu vya wanafunzi wangu, mwalimu mwenzangu wa historia ananipa mazoezi jioni kama mtoto wa kidato cha pili. Uhuru 9 Desemba 1961, Muungano 26 Aprili 1964, Azimio la Arusha 1967, mikoa 31, Njombe ilitoka Iringa 2012, Songwe ilitoka Mbeya 2016.

Nikaona kusoma tu haitoshi, nikachukua familia tukapanda basi kwenda Iringa, tukalala kwa shemeji, asubuhi tukaenda Kalenga. Fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, liko pale ndani ya kioo. Aliwapiga Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, wakarudi na mizinga wakaibomoa Kalenga 1894, ye akakataa kushikwa mpaka alipojiua 1898, na fuvu lake likarudishwa 1954. Nilikuwa nimezikariri hizo tarehe zote, ila pale mbele ya kioo nilikaa kimya. Ni dogo kuliko nilivyofikiria. Binti yangu alisimama karibu kabisa mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa mkono wa sweta, akauliza, "Baba, waliwezaje kuchukua kichwa cha mtu halafu wakakaa nacho?" Sikuwa na jibu. Mama yake akamshika mkono tukatoka nje.

Septemba 2024

Wilaya. Niliitwa, nikasubiri, nikaahirishiwa, nikaitwa tena wiki mbili baadae. Maswali ya nyaraka zaidi kuliko historia. Yamepita salama.

12 Machi 2025, Jumatano

Usaili wa mkoa. Naandika usiku huu huu kabla sijasahau.

Nilivaa suti ya ndoa, bado inanitosha. Mke wangu alinisindikiza mpaka getini, akasema atakaa kwa mama muuza chai ng'ambo ya barabara mpaka nitoke. Ndani meza ndefu, wajumbe kadhaa, faili langu limefungwa kwa uzi na limenenepa. Wamenikaribisha kwa heshima, wamenipa maji.

Kwanza maswali ya kawaida, nimejibu. Nyerere alizaliwa wapi, Butiama. Mwenge uliwashwa wapi mara ya kwanza, kilele cha Kilimanjaro. Nane Nane hapa kwetu inafanyikia wapi, viwanja vya John Mwakangale. Nikaona wanatabasamu kwa hilo la mwisho, mi kila mwaka nawapeleka wanafunzi pale.

Halafu mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Hili ziwa lililoko Kyela linaitwaje?"

Nilijua hili swali litakuja siku moja. Nimezaliwa nikiliona kila asubuhi. Shuleni nilifundishwa ni Ziwa Malawi na nilichapwa nilipokosea kulichora. Nikamjibu, "Mheshimiwa, Tanzania ni Ziwa Nyasa. Nilikosomea mimi ni Ziwa Malawi." Akauliza, "Na wewe unaliitaje?" Nikamwambia nikiongea na wanangu naliita Nyasa, ndo jina wanalofundishwa na ndo jina watakalokua nalo. Nikiongea na dada zangu tunasema nyanja tu, na hata hilo neno nyasa lenyewe kwa Kiyao ni ziwa. Sikuongeza kitu. Akaandika. Mwenyekiti akasema endelea.

Wakafika 2019. Walikuwa wameshafungua ukurasa kabla hawajauliza. "Aprili mpaka Agosti mwaka huo ulikuwa wapi?" Nikasema nilikuwa hapa Mbeya, nafundisha, sikuwa na kibali, imeandikwa kwenye barua yangu na nakala zipo. Mwenyekiti akauliza kwanini sikuondoka. Nikamwambia ukweli, mke wangu alikuwa mjamzito wa mtoto wa pili, na darasa langu la kidato cha nne lilikuwa na vijana 43 ambao hawakuwa na mwalimu mwingine wa hesabu, na kila wiki nilikuwa naambiwa wiki ijayo kibali kinatoka. Nikasema najua sheria ilisema niondoke na sikuondoka, na hiyo miezi minne sijaihesabu kwenye miaka yangu. Kukawa kimya, nasikia karatasi zinafunuliwa. Mmoja akasema, "Kweli hajaihesabu, ameitoa hapa." Alikuwa na lile jedwali mkononi.

Swali la mwisho, kama nikipewa niko tayari kuukana uraia wa Malawi. Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka, akaniomba nirudie, nikarudia.

Nimekaa ndani dakika 50. Nilipotoka mke wangu alikuwa amesimama tayari katikati ya barabara, bajaji zinampigia honi, hakuuliza kitu, akanishika mkono tukatembea mpaka Mwanjelwa kwa miguu.

Julai 2025

Faili limeenda makao makuu, kutoka hapo ni Waziri. Nimeuliza mara moja, nimeambiwa nisubiri nitajulishwa. Kisheria Waziri halazimiki kutoa sababu akikubali au akikataa, kwa hiyo hata likija jibu la hapana sitajua ni muhuri gani au siku gani iliyonikwamisha. Hili ndo gumu kuliko yote mpaka sasa. Baridi ya mwaka huu kali, asubuhi nyasi za uwanja wa shule nyeupe.

Kibali nimehuisha tena wakati nasubiri. Msije mkaacha kibali kiishe kwa kudhani maombi yanakulinda.

Yule kijana wa Katumba amenitumia ujumbe, herufi imerekebishwa.

20 na 21 Septemba 2025, Jumamosi na Jumapili

Nimeenda Karonga kujengea kaburi la mama, inakaribia miaka mitatu. Nimevuka kwa pasi yangu ya Malawi. Nilikuja na binti yangu, ana miaka kumi sasa, ye kavuka kwa pasi yake ya Tanzania, tumepanga foleni moja, afisa wa kule akagonga yake akamkaribisha kama mgeni, ya kwangu akaifungua akasema karibu nyumbani.

Mchana tukachanganya saruji mimi na mjomba. Nikaona ndo wakati wa kumwambia, maana ye ndo kabaki mkubwa wetu. Nikamweleza yote, tajnisi, usaili, na kwamba jibu likija la ndiyo hii pasi nairudisha. Alikuwa amechuchumaa anasawazisha upande wa kichwani kwa mwiko.

"Kwa hiyo siku hiyo ukija hapa kwa mama yako, pale mpakani utagongewa muhuri wa mgeni?"

"Ndiyo mjomba. Kama huyu mtoto."

Akaendelea kusawazisha muda mrefu. Binti yangu alikuwa anamwagia maji kwa kikombe taratibu kama alivyoelekezwa. Kisha mjomba akanipa mwiko wa pili akasema, "Shika upande wa miguuni, saruji isije ikatukaukia."

Jumapili jioni tumevuka kurudi. Faili bado halijajibiwa.